Usitume hiyo hela kabla hujapima chuchu

Shoga, weka simu chini. Unauliza ununue pampu ya kukamulia maziwa ya mkono au ya umeme, na maziwa utayatunzaje kazini, kisha mwishoni unadondosha kwamba muuzaji kakwambia kikombe cha 28, yaani chenye tundu la chuchu la milimita 28, "kinamwenea kila mtu" na kesho unamlipa. Kinamwenea nani?

Mimi niliambiwa hayohayo hapahapa Ngamiani, mtoto ana wiki saba, likizo yangu ya siku 84 inayoyoma. Nikatoa hela yote niliyotunzwa kwenye arobaini, nikabeba ya umeme, ya kukamua matiti yote mawili kwa pamoja. Najiona mjanja.

Chuchu yangu ni milimita 17. Kikombe 28! Mashine ikivuta, haivuti chuchu tu, inaburuta na weusi wake wote kuingia kwenye mrija, unavimba humo, maziwa hayapiti. Nusu saa napata vijiko viwili. Nampigia yule kaka, ananijibu, "Ongeza nguvu dada, bado hujaizoea." Mtu hajanyonyesha hata paka! Nami kwa ujinga wangu nikaongeza. Siku ya tatu chuchu ya kushoto ikapasuka, maziwa yakatoka ya waridi. Ya tano ziwa limekuwa jiwe, homa, natetemeka na joto hili la Tanga. Mama mkwe akasema ni kijicho. Kijicho gani mama, chenye waya wa kuchomeka ukutani?

Nilimaliza dozi ya antibiotiki, na hela ya kununua pampu nyingine sina. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniokoa, kwa rula ya shule ya mwanawe. Akanipima, akaniambia nitafute kipunguzio cha silikoni cha 19, kile cha kuchomeka ndani ya kikombe kupunguza tundu, nguvu niishushe hadi nisisikie maumivu. Mashine ileile, dakika ishirini, mililita 90. Nililia, na safari hii si kwa uchungu.

Basi pima. Chuchu tu, weusi usiuhesabu, kwa milimita, kabla mtoto hajanyonya, na kila ziwa peke yake maana hayafanani. Ukipata 17, kikombe chako kipo kati ya 17 na 20. Muuzaji hana saizi ndogo wala vipunguzio? Aga uondoke.

Ya mkono au ya umeme, hata ya mkono inakamua vizuri kikombe kikikaa sawa. Rula unayo hapo? Pima uniandikie namba.