Mume wangu anafuata mpira mpaka Dar wakati TV ipo sebuleni

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, nauza viazi. Mume wangu ni Yanga damu, kila wakicheza na Simba lazima apande basi aende Dar uwanja wa Mkapa, nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, kula, na king'amuzi tunalipia kila mwezi. Hivi huko uwanjani kuna nini ambacho kwenye TV hakipo? Nimeanza kuwaza vibaya. – Mama Viazi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiwaze vibaya kwanza, hiyo kitu naijua maana na mimi imenikamata. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ndo imetoka kupanda ligi kuu, watu tulikuwa tunaifuata mpaka ugenini, basi zima zambarau tupu, tunaimba mpaka sauti zinakauka hata Kitonga hatujafika, na ile timu ngeni ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga! Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Tukuyu, kafunga ndizi za kuchoma kwenye kitenge, ananimegea huku ananisimulia 1986 Tukuyu Stars walivyobeba ubingwa wakiwa wageni kwenye ligi. Simjui jina mpaka leo ila goli lilipoingia tulikumbatiana kama ndugu.

TV inakuonyesha pale mpira ulipo basi. Uwanjani unamwona beki anavyompanga mwenzake kwa mkono, kipa anavyofoka, na watu kama elfu sitini wanavyonyamaza kwa pamoja kabla ya penati, hicho kimya ndo watu wanakifuata kilomita mia nane na zaidi.

Hata wanaocheza wenyewe wanasafiri, wakimbiaji wa Ulaya wanakuja mpaka Iten kule Kenya, mita kama 2,400 juu, kwa sababu hewa nyepesi inaulazimisha mwili kuongeza damu, kwao tambarare hawaipati.

Ila hela ya nyumba ni hela ya nyumba, hapo sikubaliani na shemeji hata kidogo. Kwenye ligi derby ya Simba na Yanga ni mbili tu kwa msimu, kaeni mpange mapema, achague moja. Na Yanga wakija hapo Mbeya uwanja wa Sokoine kucheza na timu ya Prisons mwambie akupeleke, toka Uyole ni daladala tu. Kaeni jukwaa moja na wenye jezi, beba koti, jioni pale baridi kali. Halafu niandikie tena.