Fenesi la Huế

Swali lenu la wiki hii linasema: ukiwa na siku mbili tu katika mji wa kigeni, ukimbie uone vingi au utulie uone kimoja? Ningejibu kwa neno moja, lakini mume wangu angesema namdhulumu, maana ugomvi huu tumeshaugombana, tena ugenini, katika mji wa Huế, Vietnam ya kati.

Binti yetu anasoma Da Nang. Machi tulikwenda kumwona, na kwa kuwa wiki ile alikuwa na mitihani, akatuomba kwa adabu zote tumpishe siku mbili. "Mama, nendeni Huế. Ni kilomita 103 tu." Mimi ni mwalimu mstaafu. Nikatoa daftari, nikaorodhesha vitu 11 vya kuona. Mzee wangu, ambaye miaka yake yote ya kazi aliimalizia reli ya Tabora, aliuliza jambo moja: treni ipo?

Ipo. Gari hupita kwenye handaki la barabara chini ya mlima Hải Vân, likakufikisha upesi. Treni inauzunguka mlima kwa ukingo wa bahari na kula saa mbili na nusu, wakati mwingine tatu. Nikamwambia hizo saa tunazitoa kwenye siku mbili zetu. Akasema, "Mwalimu, hizo saa ndizo safari yenyewe." Nikanyamaza, si kwa kukubali bali kwa sababu tayari alikuwa amevaa viatu.

Stesheni ya Da Nang ina jambo ambalo abiria wa kawaida halimhusu. Reli inaishia pale. Treni inayotoka Saigon kwenda Hanoi huingia mbele mbele, kisha lazima itoke kinyumenyume, kwa hiyo kichwa kinafunguliwa, kinazunguka, kinafungwa upande wa pili. Wenzetu walikuwa wanahangaika na mabegi na namba za viti. Mzee wangu kasimama mwisho wa plafomu, mikono nyuma, kama mkaguzi aliyetumwa kutoka makao makuu. Kisha akainama kutazama mataruma. Akapima upana wa reli kwa macho.

"Mita moja," akasema. "Kama ya kwetu."

Ni kweli, ni kama ile reli ya kati ya zamani, siyo hii SGR. Ya kwetu Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Ya kwao Wafaransa waliikamilisha mwaka 1936, kilomita 1,726 kutoka Hanoi hadi Saigon, na mpaka leo ndiyo inayobeba watu kutoka kaskazini hadi kusini. Nilimwona mzee amechangamka kuliko siku tuliyotua uwanja wa ndege.

Wanaotaka kwenda wakae upande wa kulia wakitokea Da Nang. Mji ukiisha tu, treni inapunguza mwendo na kuanza kupanda, na nyuma hufungwa kichwa kingine cha kusaidia kusukuma. Kona ni kali kiasi kwamba mara kwa mara unaviona vichwa vya mbele kupitia dirisha lako mwenyewe. Handaki, giza, mwanga, bahari. Handaki tena. Chini kabisa mawimbi yanapiga mawe meusi pasipo nyumba wala njia ya mguu, na matawi ya msitu yanakwaruza kioo. Mhudumu akapita na kigari cha vyakula, tukanunua pakiti ya korosho. Vietnam hununua korosho ghafi nyingi kutoka kwetu na kubangua huko, kwa hiyo huenda nililipia nauli ya korosho ya Mtwara mpaka huku. Sikuifikiria orodha yangu mpaka tulipoteremka upande wa pili, kwenye wangwa wa Lăng Cô, na mashamba ya mpunga yakaanza.

Huế tulishuka adhuhuri, kwenye stesheni ya zamani ya Wafaransa yenye rangi ya waridi. Njaa ilikuwa inauma, na hapa niseme jambo kwa Waislamu wenzangu. Supu inayoupa mji sifa inaitwa bún bò Huế. Bò ni ng'ombe, ina mchaichai na pilipili, harufu yake inakuita toka barabarani. Lakini mara nyingi humo humo kuna mguu wa nguruwe. Binti alikuwa ametuonya. Tukazunguka mpaka tukaona kibao kimeandikwa "Chay". Mzee akafurahi: "Angalau chai ipo." Kumbe chay kwa Kivietnamu ni chakula kisicho na nyama, cha Wabudha, na Huế wenyeji wengi hukila hasa siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo. Tulipewa uyoga, tofu na mchuzi ambao hadi leo sijajua waliutoa wapi ladha ile. Chai nayo ilikuwepo.

Mchana ule mzee alikuwa amechoka, kwa hiyo kwenye orodha yangu tulitoa kimoja tu: ngome. Kuanzia mwaka 1802 hadi 1945 Huế ilikuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Nguyễn, 13 kwa jumla. Kuta za nje zina mzunguko wa karibu kilomita 10 na handaki la maji, na watu wa kawaida bado wanaishi ndani yake, wana maduka, wana shule. Ndani ya hizo kuna kuta nyingine za mji wa kifalme, na ndani yake tena palikuwa na Mji wa Zambarau Uliokatazwa, makazi ya mfalme na wake zake. Tiketi ni dong 200,000, karibu dola 8.

Nilitegemea majumba. Nikakuta nyasi. Vita na Wafaransa mwaka 1947 viliteketeza mengi, na mapigano ya Tet, yaani ya sikukuu ya mwaka mpya wao, katika vita na Wamarekani mwaka 1968, yaliyodumu karibu mwezi mzima ndani ya kuta hizi hizi, yakamaliza sehemu kubwa ya yaliyobaki. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Jumba la Kiến Trung limejengwa upya na kufunguliwa 2024, linang'aa kupita kiasi, kwa maoni yangu, kama meno ya bandia. Ningekuwa na haraka ningepiga picha pale kwenye lango la Ngọ Môn, alipotangazia kujiuzulu Bảo Đại, mfalme wa mwisho, tarehe 30 Agosti 1945, kisha ningeondoka.

Kilichotuzuia ni vyungu. Mbele ya hekalu la mababu wa kifalme vimepangwa vyungu tisa vya shaba vyenye miguu mitatu, kila kimoja karibu tani mbili au zaidi, vilivyosubiwa kati ya 1835 na 1837 kwa amri ya mfalme Minh Mạng. Kila chungu ni cha mfalme mmoja, na kila kimoja kina picha 17 zilizochongwa kwa nje: milima, mito, mashua, silaha, wanyama, mimea. Nchi nzima imeandikwa kwenye shaba. Watalii walikuwa wanapita na miavuli yao, sekunde 30 kwa chungu. Mzee akaanza kuvizunguka kimoja kimoja, ameinamisha kichwa, mikono nyuma vile vile.

"Mwalimu! Njoo uone fenesi."

Nikaona ananitania. Kweli lilikuwa fenesi, kwenye chungu cha kwanza kilicho mbele ya vingine: limening'inia kwenye shina, magamba yake ya miiba yamechongwa moja moja, na majani juu. Mfalme aliyekuwa na dhahabu na majeshi aliona fenesi linastahili kukaa pamoja na jua na simba-marara. Tukakaa pale mpaka walinzi walipoanza kuwatoa watu. Tulitafuta mpunga, tukaupata. Tulibishana juu ya ndege mmoja, yeye anasema kuku, mimi nasema tausi, na hatukuafikiana mpaka leo.

Siku ya pili nikaidai orodha yangu. Haki yangu pia. Tukakodi gari, makaburi matatu ya wafalme asubuhi moja, na dereva hakuwa mtu wa maneno mengi. La Khải Định, lililojengwa 1920 hadi 1931, nalikumbuka kwa sababu lina ngazi 127 na mzee alizihesabu kwa kuguna. Nje ni zege jeusi, ndani kuta na dari vimejaa vipande vya kaure na vioo vya chupa vilivyopangwa kuwa maua na mazimwi. Linafaa siku yake peke yake. La Tự Đức ni bustani na bwawa, alikokwenda kutunga mashairi akiwa bado hai. La tatu ni la Minh Mạng, yule yule wa vyungu, mtu niliyekuwa nikimjua zaidi ya wote, nami nalikumbuka kwa eneo la kuegesha magari. Picha ninazo 60 na zaidi. Mjukuu akiniuliza hii ni ya wapi, najibu "Vietnam" naendelea.

Pagoda ya Thiên Mụ hatukufika, wala daraja la Trường Tiền usiku, wala vile vikome vya mtoni vinavyoliwa na wali. Vitu saba kati ya 11 vimebaki kwenye daftari. Kwa hiyo, mhariri, jibu langu ni kutulia, ila chagua kimoja kilicho kikubwa cha kutosha watu wawili kubishana ndani yake, na njia ya kukifikia uihesabu.

Jioni tukarudi kwa treni, safari hii upande wa kushoto. Baharini palikuwa na giza. Mzee alilala Hải Vân yote, akaamka Da Nang. Binti alikuwa anatungoja nje ya geti, akapiga simu mara tatu.

"Mama, hamjafika?"

"Tumefika mwanangu. Baba yako anaangalia wanavyofungua kichwa."