Mjane wa kwenye chupa ya njano alikuwa nani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu wa baa katika hoteli moja hapa Arusha. Wageni wenye sherehe huagiza sana shampeni ya Veuve Clicquot, ile yenye lebo ya njano. Mgeni mmoja Mfaransa aliniambia kuwa "veuve" ni mjane. Msimamizi wangu anasema mjane huyo alirithi tu mali ya mumewe, kampuni ikakua yenyewe. Ni kweli? Na ukoo wake bado unaimiliki?

Mhudumu, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya baa na stoo ya vinywaji hotelini mpaka nikastaafu, na habari za mama huyu niliwasimulia vijana wote waliopita mikononi mwangu. Msimamizi wako amepata nusu. Kurithi, alirithi. Hiyo ya kukua yenyewe siikubali hata kidogo.

Aliitwa Barbe-Nicole Ponsardin, mzaliwa wa Reims, Ufaransa, mwaka 1777. Kampuni ilianzishwa na baba mkwe wake, Philippe Clicquot, mwaka 1772. Mzee huyo alikuwa mtu wa vitambaa, mvinyo ukiwa biashara ya pembeni. Mume, François, alifariki 1805 akamwacha mkewe na miaka 27 na binti mdogo. Sheria ya Ufaransa wakati ule ilimweka mke chini ya mumewe, lakini mjane aliweza kutia saini mikataba na kufanya biashara kwa jina lake. Mkwewe alimruhusu kuendelea kwa sharti la kufanya kazi na mtu mzoefu, Alexandre Fourneaux. Ushirika huo ulipokwisha mwaka 1810, mama akabaki peke yake na kampuni ikaitwa Veuve Clicquot Ponsardin.

Na ilikuwa wakati wa vita vya Napoleon! Njia za baharini zilikuwa zimefungwa, na wateja wake wazuri walikuwa mbali, Urusi. Mwaka 1811 zabibu zilistawi ajabu. Mwaka huohuo nyota yenye mkia ilionekana angani, na mvinyo wa msimu ule ukapewa sifa ya nyota hiyo. Akautunza. Napoleon alipoanguka 1814, hakungoja mambo yatulie. Alikodi meli ya Kiholanzi, Zes Gebroeders, akapakia chupa 10,550 kimyakimya na kuzipeleka Königsberg, bandari ya Prussia karibu na Urusi, pamoja na wakala wake, Louis Bohne, ili awatangulie washindani, Jean-Rémy Moët akiwamo. Meli ingekamatwa, angefilisika. Haikukamatwa, na Warusi wakazigombania zile chupa. Shehena nyingine ikafuata upesi.

Ila ujasiri huo ungeisha na msimu mmoja kama si kazi ya ghalani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Shampeni huchachuka mara mbili, na mara ya pili ni ndani ya chupa yenyewe. Hutiwa sukari na hamira, ikazibwa, gesi ikakosa pa kutokea. Mgandamizo wake hufika kama mara tatu ya ule wa tairi la gari dogo, ndiyo maana zamani chupa zilipasuka ovyo ghalani. Hamira ikimaliza kazi hufa na kubaki mashapo. Kuyatoa ndiko kulikuwa mateso: ukihamisha mvinyo chupa hadi chupa, gesi inatoroka na mvinyo mwingi unapotea. Oda zilikuwa zinaingia, naye hana chupa safi za kupeleka.

Yeye na mkuu wa ghala lake, Antoine Müller, wakatoboa meza matundu na kuzipanga chupa shingo chini. Inasimuliwa kuwa meza ya kwanza ilikuwa ya jikoni kwake, mwaka 1816. Kila siku mfanyakazi huizungusha chupa kidogo, na baada ya wiki kadhaa mashapo yote yameteremka yakakaa kwenye kizibo. Kizibo kikifunguliwa, gesi yenyewe inayarusha nje, chupa inajaziwa kidogo na kuzibwa upya. Mvinyo unabaki mng'avu na gesi yake yote. Hadi leo shampeni husafishwa kwa njia hiyo, ingawa sehemu nyingi mashine ndiyo inayozungusha. Kwangu mimi, kampuni ilikulia kwenye ile meza. Alipofariki mwaka 1866, ilikuwa ikiuza chupa kama 750,000 kwa mwaka.

Ukoo? Hapana. Alikuwa na binti mmoja, Clémentine, lakini kampuni alimwachia Édouard Werlé, Mjerumani aliyeingia kazini 1821. Mama alikuwa amejitosa kwenye biashara ya benki, na benki ya Paris aliyoitegemea ilipoanguka 1828, Werlé aliweka rehani mali zake mwenyewe kuiokoa kampuni. Akamrudisha kwenye mvinyo. Lebo ya njano iliandikishwa rasmi 1877, mama akiwa ameshazikwa. Tangu 1987 kampuni imo ndani ya LVMH, kundi la kampuni za bidhaa za anasa la Paris, ambayo ndiyo yenye shampeni ya Moët & Chandon pia. Kwa hiyo mgeni akiacha moja akachukua nyingine, pesa yake inakwenda kwa tajiri yuleyule.