Barua kwa mwanangu: kupima hisia za jana na za mwezi mzima

Mwanangu Rehema,

Huku sote wazima. Umeuliza kwa nini wauguzi wako wanajibu vizuri tu kwenye karatasi za kila siku, halafu mwisho wa mwezi haohao wanasema mwezi wote ulikuwa mateso. Hawajakudanganya. Siku 30 hazikumbukiki zote, kwa hiyo mtu huchukua kilichomuuma zaidi na kilichotokea mwishoni, na pengo hulijaza kwa anavyoiona kazi yake. Urefu wa muda haumo. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walitia mikono ya watu kwenye maji baridi ya kuumiza, nyuzi 14 za Selsiasi, kwa sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 zilezile, zikaongezwa 30 maji yakipanda taratibu hadi nyuzi 15. Wengi walichagua kurudia lile refu!

Tumia njia ya kuijenga upya jana, iliyochapishwa mwaka 2004 kutokana na wanawake 909 wenye ajira huko Texas. Kila muuguzi aigawe jana yake vipande vya kati ya dakika 15 na saa 2 hivi, tangu kuamka hadi kulala. "Saa 12:10 hadi 12:55 asubuhi, daladala, peke yangu" yatosha. Karatasi hiyo abaki nayo mwenyewe. Akijua huisomi, hata ugomvi wa nyumbani atauandika. Vipande vikikamilika ndipo, kwenye karatasi nyingine ya kukupa wewe, aandike muda wa kila kimoja na kukipa alama 0 hadi 6 kwa kila hisia: furaha, wasiwasi, hasira, huzuni. Akianza na alama, umerudi kulekule kwa mwezi.

Wengi huharibu kwenye hesabu. Wanachukua wastani wa vipande, na ugomvi wa dakika 15 unalingana uzito na saa 2 za wodini. Zidisha kila alama kwa dakika zake, jumlisha, gawanya kwa dakika zote. Au hesabu muda ambao hisia mbaya ndiyo yenye alama ya juu kuliko zote: saa 4 kati ya 16 za kuwa macho ni asilimia 25. Mimi naipendelea hii, maana mkarimu wa kugawa 6 na bahili asiyevuka 3 hawakuvurugii.

Majibu ya mwezi usiyatupe, lakini. Utafiti wa mwaka 2003 kwa wanafunzi wa Marekani waliokwenda likizo ulionyesha kuwa hamu ya kurudia safari ilifuata walivyoikumbuka, si walivyoandika wakiwa huko. Wakubwa wako wakitaka kujua nani anafikiria kuacha kazi, kumbukumbu ndiyo ya kuuliza. Ila swali hilo liweke mwanzo kabisa wa dodoso, kabla hawajaanza kuichambua jana.

Baba yako