Kuhusu taa zako zinazoingia maji

Mwanangu,

Huku Igombe hatujambo. Mguu wa mama yako umetulia, amerudi soko la Mwaloni kwenye dagaa wake. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Taa zako za sola za kuvulia dagaa zinaingia maji ziwani, aliyekuahidi mtaji amejitoa, Dodoma wanakuita kazini, na wewe unaniuliza: wale wavumbuzi wakubwa walijuaje kwamba wasiache?

Ngoja kwanza nikusimulie habari za karabai, taa ya mafuta ya kupampu. Si unaijua ya babu yako, ile iliyobonyea tangi siku ya harusi ya shangazi. Kile kijifuko cha wavu kinachong'aa ndani ni kazi ya Carl Auer von Welsbach, mtu wa Austria. Alichovya kitambaa cha pamba kwenye maji yenye chumvi za madini, akakichoma. Pamba ikaungua, majivu yakabaki na umbo lile lile, nayo yaking'aa kwenye moto wa gesi. Hiyo ni 1885. Kiwanda kikafunguliwa karibu na Vienna 1887, ila mwanga ulikuwa wa kijani-kijani na kijifuko kilivunjika ovyo. Watu hawakukitaka. Kufikia 1889 kiwanda kimefungwa.

Hapo ndipo wasimuliaji husema "hakukata tamaa" wakaishia hapo, na ndipo wanaponiudhi. Alifanya nini? Alirudi maabara akaendelea kuyasafisha yale madini. Akaona kwamba thoriamu, mojawapo ya madini hayo, kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyomulika kidogo. Kumbe mwanga ulitoka kwenye chembe za madini mengine, seriamu, zilizojificha humo kama uchafu! Mwaka 1891 akatoka na mchanganyiko wa sehemu 99 za thoriamu na 1 ya seriamu, na huo ndio uliowasha taa za dunia. Mnaujua msemo wangu nyumbani: fungua kwanza, ulaumu baadaye. Auer alifungua.

Nami nilifungua. Kabla hujazaliwa, vioo vya karabai vilikuwa vinapasuka kila wimbi likirusha maji, maana kioo cha moto hakipatani na maji baridi. Nilichunguza vilivyopasuka, nikaona ufa unaanzia upande mmoja tu, ule unaotazama upepo. Nikakata debe, nikakunja kofia yenye ubavu mrefu upande huo. Usiku wa giza upepo ukaja kutoka upande wa Ukerewe, taa za majirani zikawa zinazimika moja baada ya nyingine, zetu zinawaka. Babu yako alicheka peke yake mtumbwini kama mtoto.

Nikaipeleka kwa mwenye duka mmoja mjini. Mbele ya wateja akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi, akaisukuma pembeni. Msimu uliofuata kofia zile zile zilining'inia dukani kwake, zimepakwa rangi ya fedha. Mpaka leo nikifika mtaa ule navuka barabara.

Ndiyo maana Erasto Mpemba namweka juu ya Edison. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akarudia jaribio kwa maji, kisha akamuuliza Profesa Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi waliomcheka. Osborne hakucheka wala hakukubali papo hapo. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lipimwe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Kila nikifikiria yule kijana akinyoosha mkono mara ya pili, baada ya kudhihakiwa mara ya kwanza, moyo unanijaa.

Lakini hapana, nisikudanganye. Charles Goodyear, mvumbuzi wa Marekani, naye alifungua. Alifungwa kwa madeni, mwaka 1839 akagundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukipashwa moto hauyeyuki tena juani, na alipokufa 1860 bado alikuwa anadaiwa. Wanawe walilipwa na uvumilivu ule? Sijui nikujibu vipi, maana nawe una mtoto wa kusomesha, na mshahara wa Dodoma si jambo la kudharau. Ila pia mtu anayerudia kitu kile kile bila kukifungua simwiti mvumilivu, na wewe si mtu wa hivyo.

Kuhusu kwenda au kubaki, neno ninalo na linaniwasha ulimini. Mama yako amenikataza kulisema, na safari hii namtii.

Ila niambie: maji yanaingilia wapi? Kwenye mpira wa mfuniko, au pale waya unapotokea? Na zinazokufa ni zile za upande wa upepo? Usizitupe. Zifunge kwenye kiroba, mpe dereva wa daladala ya Igombe, nami nitakuwa kituoni.

Baba yako