Kempa Ndogo na Jua Kali: Kabla Hujanunua Kiyoyozi

Juzi msomaji mmoja mwenye kempa, yaani gari la kusafiria na kulala ndani, ameniandikia: “Kaka, kempa yangu ni ndogo, mchana haikaliki, usiku godoro bado lina moto. Ninunue kiyoyozi gani?” Nimeshamjibu kwa ufupi: usinunue kwanza. Lakini jibu hilo nililipata kwa taabu, na aliyenitia taabuni sijamsamehe, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Nilipokuwa naitengeneza kempa yangu, fundi mmoja alinishikilia nifunge kiyoyozi cha paani. Nikamuuliza, umeme nitautoa wapi nikiwa porini? Akamgeukia mwenzake wakacheka. “Huyu atarudi tu.” Basi nikapiga hesabu mwenyewe. Kiyoyozi cha paani cha ukubwa wa kawaida hula wati 1,300 hivi kikiwa kazini. Betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa kama 1,200. Yaani hata saa nzima haifiki, kisha unabaki na joto lako gizani. Feni ya paani inayokula wati 30, kwa betri ileile, inazunguka usiku kucha, mchana kutwa na usiku wa pili. Kwa yule fundi sijarudi mpaka leo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuwaza baridi nitainunua wapi, nikaanza kutafuta joto linaingilia wapi. Kwenye kempa ndogo joto huingilia zaidi kwenye vioo, hasa kile cha mbele. Mwanga wa jua ukishapenya unachoma dashibodi na viti, na joto hilo halitoki tena kirahisi. Ndiyo maana vile vifuniko vya kung'aa vinavyobandikwa kwa ndani vinasaidia nusunusu. Ingiza mkono kati ya kifuniko na kioo saa nane mchana, utautoa haraka, na hewa iliyonaswa pale yote inamwagika chumbani. Kifuniko kikae nje! Changu nilichora umbo la kioo kwenye magazeti yaliyoungwa kwa gundi, nikakata foili ya mapovu, ile ya kung'aa yenye vipovu vya hewa, nikashona mikanda kwenye pembe. Mikanda naibana kwa milango ya mbele, upepo haukibebi.

Watu walinicheka. Kuna aliyesema gari langu limevishwa sanda. Msimu huu wa joto jirani mmoja kambini, mwenye jenereta iliyotunyima sote usingizi, aliishiwa petroli, akaja kuchungulia kwangu. Alisimama mlangoni, akaweka kiganja kwenye dashibodi, akanyamaza. Nilifurahi, siwafichi. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Hewa nayo ina njia yake. Joto hupanda, kwa hiyo feni ya paani iwekwe ya kutoa, si ya kuingiza, na ufungue dirisha moja la chini upande wa kivuli, karibu na unapolaza kichwa. Mengine funga. Ukifungua yote, feni inavuta hewa ya pale ilipo karibu, na wewe kitandani hupati kitu. Mimi nalala na dirisha la miguuni limefungwa kabisa, na mke wangu aliyekuwa akilipinga jambo hili sasa ndiye anayelifunga.

Kuegesha ni jambo la akili, na hapa watu wengi ni wavivu. Mtu anafika mchana, anaona kivuli kizuri, anaegesha, hajiulizi kivuli hicho saa kumi kitakuwa wapi. Jua la alasiri linatoka magharibi, tena linakuja hewa ikiwa imeshachemka, kwa hiyo kioo kikubwa kisitazame huko. “Na sola yangu je?” Paneli ya kubebeka na waya mrefu: paneli juani, wewe mtini. Jiko pia litoke nje, maana gesi ikiwaka inatoa joto na mvuke, vyote viwili adui zako.

Ila feni haipoozi hewa. Inakausha jasho lako, basi. Hewa ikishafika nyuzi 35 au zaidi, feni peke yake haitoshi, hasa kwa mzee au mtoto. Hapo washa gari ukapande mlimani. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza nyuzi kama 6. Na usimwache mtoto wala mbwa ndani ya gari lililofungwa juani, hata ukienda kuchota maji tu, kwa kuwa ndani ya dakika 10 joto linaweza kuongezeka nyuzi 10. Hili sibembelezi mtu.

Sasa kaka yangu, kama unalala siku zote kwenye kambi zenye umeme, nunua kiyoyozi, sikukatazi. Kataa tu kile cha kubebeka chenye bomba moja. Kinatupa nje hewa ya chumbani, na hewa ya moto inaingia kwa kila upenyo kujaza nafasi. Kile cha kurushia unyunyu wa maji kinafaa kwenye hewa kavu tu. Palipo na unyevu kitakuongezea fukuto. Na kabla ya kulipa, funika kioo cha mbele kwa nje siku moja, hata kwa shuka jeupe, kisha uniandikie tena.