Tabianchi Iingizeni Kwenye Mkataba wa Hali Bora

Tumetia saini mkataba mpya wa hali bora, yaani makubaliano ya chama chetu cha wafanyakazi na mwajiri, wiki iliyopita, na ndani yake kimo kipengele cha joto: kipimajoto kikivuka kiwango tulichokubaliana, mapumziko yanaongezwa, maji ya kunywa yanaletwa pale pale penye kazi, na hakuna anayekatwa mshahara. Nimefurahi mno. Nawaandikia ninyi viongozi wa matawi, maana najua mnakitaka kipengele hiki.

Nilipoitoa hoja hii mara ya kwanza, nilichekwa. Ofisa mmoja wa mwajiri alisema mabadiliko ya tabianchi ni kazi ya maprofesa, chama kizungumzie mishahara. Yale maneno yananichoma hadi leo, kwa sababu mchana ule ule tulikuwa tumembeba mwenzetu aliyezirai chini ya paa la bati. Tukatundika kipimajoto ukutani karibu na mashine, tukafungua daftari: tarehe, saa, nyuzi, nani alijisikia kizunguzungu. Kila zamu iliandika. Majadiliano yaliporejea, waliocheka ndio walioomba kulitoa nakala.

Basi andikeni. Hoja isiyo na kumbukumbu huzimwa kikao cha kwanza tu. Na someni! Mimi niliingia na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unaomlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukumbwa na joto la kupindukia kazini. Hao ni watu wetu, si wa maprofesa.

Kuna na suala la ajira, ambalo wengi wetu tunalikwepa. Viwanda vinavyochafua hewa vitabadilika au vitafungwa, na chama kinachosubiri barua za kupunguzwa kazi kimeshachelewa. Hispania, mwaka 2018, vyama vya wachimbaji wa makaa ya mawe vilikubaliana na serikali kabla migodi mingi haijafungwa: wenye umri mkubwa wakapata kustaafu mapema, wengine mafunzo ya kazi nyingine. Walipata kwa sababu walidai mapema na wakataka maandishi.

Andikeni, nasema tena, na msikubali ahadi ya mdomo. Sisi majadiliano yajayo tunadai mwajiri atuonyeshe mipango ya mitambo mipya kabla hajainunua, na mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi.